Kwa Numbi, Kuhusu Shoka na Miputu Yetu

Kolwezi, siku moja kabla ya basi lako

Numbi mama,

Jua bado liko juu na wewe uko kwa shangazi yako, unaaga. Baba yako yuko kazini Kingamyambo mpaka jioni. Nyumba ni yangu peke yangu, nimesogeza sinia la mchele pembeni, nimekaa mezani na ninaandika. Mambo ya sanduku, ya dawa za malaria, ya kutokula ovyo njiani, hutayaona humu. Shangazi yako ameshayasema na kesho kituoni atayasema tena, na mi sina nguvu ya kushindana naye.

Naandika kwa Kiswahili cha masista walionifundisha, maana kile chetu cha sokoni kimezoea mdomo kuliko karatasi. Lakini sauti ni yangu, utaisikia.

Tangu Jumapili hatujazungumza. Unanisalimia, ndiyo. Unainama kidogo kama nilivyokufundisha, unasema "Jambo mama", unapita. Adabu yako hiyo inaniuma kuliko kama ungenipigia kelele. Jana baba yako akaniletea maneno yako: kama mama haapi kwamba shoka halitaingia tena kwenye miputu, miti yetu ile ya kijijini, basi la Lubumbashi litaondoka bila wewe, na ndege ya Kisangani itaruka na kiti kitupu. Aliyasema hayo akitazama viatu vyake. Maskini baba wa watu, mimi na wewe tumemgeuza posta.

Jibu langu utalipata, lakini liko chini huko. Najua sasa hivi umeruka kwenda kulitafuta, maana nakujua. Rudi hapa juu, usome kwa mpango.

Nianze na Jumapili yenyewe. Tulifika kijijini pamoja ili uage, ukawakuta wanaume wananoa mashoka chini ya miti ile uliyokua nayo. Tata Banza, ambaye unamjua tangu utoto wako, fundi wa kupanga matanuru ya makala, yaani makaa ya kupikia, mtu asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi, alikujibu kwa upole: "Tunaanza kipande ya kwanza, mama. Mama yako njo alisema." Ukanigeukia mbele ya watu wote. "Mama, kumbe ulikuwa unachunga hii miti juu ya kuikula. Sawa vile mutu anachunga kuku." Na mimi, badala ya kukueleza, nikakurudishia: "Basi leo pika bukari na maneno yako, tuone kama itaiva." Watu wakacheka. Wewe ukatembea mpaka barabarani, ukapanda taxi-moto, ukarudi mjini peke yako.

Nilishinda ugomvi ule kwa kicheko cha watu, na hiyo ni njia mbaya ya kumshinda mtoto wako. Kwa hilo naomba unisamehe. Kwa mashoka siombi msamaha. Hayo mawili nataka uyatenganishe kichwani mwako kabla hujaendelea.

Mi ni muuza makala, Numbi. Sijawahi kulificha hilo na sitaanza leo kwa sababu umepata nafasi ya kusomea misitu. Sare yako ya kwanza ilitoka kwenye makala. Kila asubuhi ya utoto wako uliniona nikitoka kuelekea soko la Musonoi na kurudi na mikono ambayo sabuni imeishindwa. Nilipoanza, nilikuwa binti wa umri wako. Wakati ule makala yalitoka hapo hapo nyuma ya Musonoi, unaenda kwa miguu. Nilikuwa naweka maharage jikoni, naenda kununua, na nikirudi bado hayajaiva. Baadaye ikabidi baiskeli. Baadaye ikabidi kamyo. Tukafika upande wa Fungurume, tukapita Fungurume, tukaanza kulala njiani. Unajua nilifikiri nini miaka yote hiyo? Nilifikiri ubaya ni wa barabara. Msitu ulikuwa unanikimbia mbele ya macho yangu, na mimi nikawa nagombana na dereva kwamba anachelewa.

Wala sikuwa peke yangu. Mji ulikuwa unakua, machimbo yalitaka nguzo za kuzuia mashimo yasibomoke, wachoma matofali walitaka kuni zao. Nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu kwenda migodini, na jikoni kwetu umeme unakuja kama mgeni, anakaa kidogo, anaaga. Madini yetu yanachimbwa ili watu wa mbali waendeshe magari yasiyo na moshi, na huku mama zao hao wachimbaji wanapuliza makala machozi yakiwatoka. Hasira yako juu ya hilo ni halali na mi ninayo. Ila haijawahi kunipikia kitu, kwa hiyo nimeiweka mahali pake.

Sasa la viwavi. Umelisikia vipande vipande, maana watu wakianza kulisimulia na mimi nikatokea, wanahamia kwenye habari za mvua. Leo lichukue lote kutoka kwangu.

Kule kijijini viwavi vya muputu, vile tunavyokula, havikusanywi ovyo, wewe mwenyewe umeona. Vikiwa vidogo hakuna anayegusa. Vikinenepa, mfumu, yaani mkubwa wa kijiji, anafungua: anatangaza siku, watu wote wanaingia pamoja na mabeseni yao, wanapanda, wanatikisa matawi, wanaokota. Halafu anafunga. Vilivyobaki vinaachwa vishuke vyenyewe, vijifukie udongoni vilale, ili mwaka unaofuata vipepeo watoke na kutaga. Na muda wote huo, tangu viwavi vinaonekana mpaka vishuke, shoka linalala nyumbani.

Mwaka ule wewe ulikuwa mgongoni mwangu, bado unanyonya. Mvua zilikuwa zimeshaanza, makala yalikuwa yamepotea mjini, na mi nilikuwa na kamyo ya kukodi imesimama inaningoja. Nikaingia kijijini na akili zangu za Kolwezi. Nikawaambia wanawake: mnapanda juu kama watoto kwa nini? Tukate miti, viwavi vishuke nayo, muokote mmekaa. Mti wenyewe unabaki kwa makala. Kazi ni moja, faida ni mbili. Mfumu wa wakati ule alikuwa mgonjwa, hatoki ndani, na jamaa zake wakaniruhusu upesi upesi. Ni tata Banza peke yake aliyesimama na shoka lake begani bila kulishusha. "Mama," akasema, "hii viwavi bado kushuka mu udongo." Nikamwambia: "Msitu hauwezi kuisha, tata." Akaniangalia. Halafu akakata, kwa sababu na yeye alikuwa na watoto.

Wanawake walijaza mabeseni mpaka wakavua vitenge wakafungia. Siku ile nilipewa jina, Mama Akili. Waliliimba kabisa, wakilipigia makofi, na wewe mgongoni ukawa unarukaruka. Nilirudi Kolwezi na kamyo iliyojaa na kichwa kilichojaa zaidi. Nakuambia kweli, ni moja ya siku nilizofurahi sana katika maisha yangu, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Mwaka uliofuata viwavi havikuja. Tukasema ni mvua. Mwaka mwingine havikuja tena. Kisha bowa ikapungua, ule uyoga wa rangi ya kiini cha yai unaoota chini ya muputu, unaoupenda na karanga. Nani kati yetu alijua kwamba unaishi pamoja na mizizi ya miti ile? Matawi tuliyoyaacha chini yalikuwa yamekauka, na mwisho wa kiangazi moto wa wawindaji ukaingia, ukakuta chakula tele, ukala visiki mpaka ndani ya udongo. Nilipofika nilikuta uwanja mweusi. Kulikuwa na mwanamke mmoja anazunguka na beseni, anafunua nyasi zilizoungua kama mtu aliyeangusha pete. Tata Banza hakunigombeza. Alinionyesha tu yule mama, akasema: "Ule njo alikuwa anaimba jina yako." Niliona aibu, Numbi. Nilirudi kwenye kamyo nikalia mpaka dereva akashuka kuniachia nafasi.

Nikifika hapa watu wengi hutarajia niseme kwamba niliacha makala. Sikuacha. Ningeacha, mwingine angeshika nafasi yangu jioni ile ile. Nilichofanya ni kurudi pale na kuzunguka, kwa sababu ukaidi wangu unaujua. Upande wa mashamba ya mihogo nikaona kitu. Huko pia tulikuwa tumekata, lakini wanaume walikuwa wamechoka, hawakuinama, wakaacha visiki virefu vya kufika magotini. Na wanawake, ili kulinda mihogo yao, walikuwa wamechoma nyasi mapema, zikiwa bado na ubichi, moto mdogo wa kulamba tu. Ule moto mkubwa wa mwisho wa kiangazi ulipokuja haukupata cha kula. Visiki vile vilikuwa vimejaa machipukizi mekundu, yenye majani laini kama masikio ya sungura. Msitu ulikuwa unarudi wenyewe, mahali ambapo hakuna aliyekusudia.

Mwaka huo huo alipita binti mmoja wa mambo ya misitu, ana viatu vya mpira na kofia kubwa kuliko kichwa. Nilimcheka. Halafu akakaa na sisi wiki kadhaa, akatuonyesha ambayo hatukuyajua: kwamba kisiki kikiachwa na machipukizi yote yanagombana, lakini ukibakiza mawili au matatu yenye nguvu yanapanda juu, kwamba kuna miti ya kuachwa imesimama kwa ajili ya mbegu na kwa ajili ya viwavi, kwamba kando ya kijito shoka lisifike kabisa, kwamba msitu ugawanywe vipande, ukate kimoja na kuviacha vingine vikue. Niliacha kumcheka. Siku anaondoka nilikutazama wewe ukicheza na kofia yake, nikasema moyoni, huyu mtoto wangu naye. Kwa hiyo usidhani ulichagua peke yako kusomea miti. Nilikuwekea hilo njiani, nikajifanya sijui kitu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ugomvi na sikuichukia. Waliokuja kutafuta nguzo za mashimo niliwarudisha mikono mitupu, na wengine wakaacha kununua makala kwangu. Wawindaji walinuna. Kila mwaka, majani yakiwa nusu mabichi, tulichoma mapema, na wewe ukawa unakimbia na tawi lako kuzima pembeni, uso mweusi, meno tu yanaonekana. Viwavi vilirudi. Havijafikia wingi wa zamani, lakini vilirudi, na siku mfumu mpya alipofungua tena kwa mara ya kwanza nilikaa pembeni nikatazama wengine wakiokota, maana sikuona kama nina haki ya kushika beseni. Yule mama wa uwanja mweusi ndiye aliyeniletea langu.

Ndiyo maana Jumapili uliona mashoka. Watu wale sikuwaahidi picha ya kutazama. Niliwaambia: tulieni, msiuze, chomeni mapema, na miti hii itawalisha. Wamengoja tangu ulipokuwa mtoto mdogo. Nikiwaambia leo wangoje tena, na kesho tena, siku moja atakuja mtu na kamyo kubwa kuliko yangu, nao watamuuzia vyote kwa mara moja, na watakuwa na haki ya kunicheka. Kipande cha kwanza ni kidogo. Kinakatwa sasa, kabla ya mvua, viwavi viko udongoni. Visiki vinabaki kwenye magoti. Miti ya mbegu na ya viwavi tumeizungushia chokaa, hata kipofu hataikosea. Mi najua ninachofanya, na nakisema bila kutetemeka.

Na huko unakokwenda. Madereva wanaotoka huko wanasema miti ya Kisangani inafunga mbingu, unatembea mchana kama uko ndani ya nyumba. Nitafurahi uione. Utaona pia magogo yaliyolala kando ya mto, mapana kuliko urefu wa mtu. Utaona barabara imefunguliwa kwa ajili ya mbao, nyuma ya barabara mashamba, nyuma ya mashamba moshi wa tanuru, na nyuma ya tanuru mwanamke mwenye akili za mjini anayewaambia wenzake kwamba msitu hauwezi kuisha. Ukimkuta, usimtukane. Kaa naye. Kula anachokula. Mi hakuna aliyenibadilisha kwa kunitukana, na wengi walijaribu.

Usichukue pia mambo ya muputu ukayabandika kule. Huku kwetu mti unakubali kukatwa na kurudi kutoka kwenye kisiki. Huko sijui. Labda iko inayorudi, labda ikikatwa imeondoka, na mtoto wake anahitaji kivuli cha mama yake miaka mingi kabla hajasimama. Moto mdogo unaotusaidia sisi pengine kule ni wazimu mtupu. Uliza. Uliza walimu, uliza wavuvi, uliza watu wafupi wa msituni ambao wengine watakuambia hawana cha kukufundisha. Kosa langu la viwavi lilianzia hapo: nilijibu kabla sijauliza.

Sasa nimefika kwenye jibu lako.

Siapi. Nikiapa kwamba shoka halitaingia nitakuwa nimesema uongo ili binti yangu apande basi, na uongo huo utakusubiri hapa mpaka urudi.

Lakini kuna jambo uko na haki nalo, nililiona Jumanne nilipokuwa nimelala chali nakasirika nawe. Nilipanga vipande vile na wazee. Wewe na wenzako, ambao mtaishi na visiki hivyo muda mrefu kuliko sisi, hakuna aliyewauliza. Na ukubwa wa kipande cha kwanza niliukadiria kwa macho yangu, macho yale yale yaliyowahi kuona faida mbili mahali palipokuwa na hasara moja kubwa. Nina imani nayo. Nilikuwa na imani siku ile pia.

Kwa hiyo jana nilirudi kijijini bila kukuambia. Nikaomba mfumu awaite watu, nikasema: kipande cha kwanza kiendelee. Kipande cha pili hakiguswi mpaka Numbi arudi, atembee kwenye machipukizi ya kile cha kwanza, aangalie viwavi, aangalie bowa, aangalie moto umefanya nini, halafu aseme tukate au tusikate. Tata Banza akakuna kichwa. "Mutoto njo atatuambia?" Nikasema: "Njo yeye." Mfumu akauliza swali ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Na akisema hapana?" Wote wakanigeukia, na yule mama wa beseni alikuwa mbele kabisa.

Nikasema: "Akisema hapana, ni hapana. Na miye njo wa kwanza kuweka shoka chini." Lilikuwa zito kulisema, nisikufiche. Nimejenga kitu kile miaka yote ya maisha yako, na nilikitoa mkononi mwangu kwa sentensi moja. Mfumu akatazama watu, watu wakatazamana, kisha akasema imepita.

Usilione hilo kama zawadi. Ukisema tukate na miti isirudi, ni neno lako. Ukisema tusikate na wanawake wa kule wakakosa cha kuweka jikoni, watakuja mlangoni kwako na wala hawatacheka. Ndiyo sababu huwezi kubaki hapa kunilinda na shoka langu. Ukibaki, utakuwa msichana anayeipenda miti sana, na mi nitakushinda kila Jumapili kwa mzaha mmoja, kama nilivyokushinda ile iliyopita, kwa sababu nina mdomo na wewe huna cha kunionyesha.

Panda basi, Numbi. Ikiwa nilikosea tena, nitahitaji kushindwa na mtu anayejua, mbele ya watu wote, na sitaki mtu huyo awe mwingine.

Mama yako